Mirerani: Historia ya Mji wa Machimbo Chini ya Mlima Kilimanjaro

Msafiri anayetoka Moshi kuelekea Arusha huacha barabara kuu karibu na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, akakata kushoto na kufuata barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 26 hivi inayoelekea kusini katika nyika ya Simanjiro. Mwisho wa barabara hiyo upo mji wa Mirerani, ambao wengi bado huuandika Mererani. Kiserikali mji huu upo Wilaya ya Simanjiro, Mkoa wa Manyara. Kikanisa upo katika Jimbo Kuu la Arusha. Hata hivyo, ni vigumu kupata kigango katika miteremko ya Kilimanjaro kisichokuwa na familia iliyowahi kumtuma kijana huko, au iliyowahi kumngojea mwezi wa Desemba bila kumwona.

Katika makala haya tunaeleza kwa mpangilio historia ya mji huo: jiwe lililouzaa, watu walioujenga, kampuni zilizopita, maafa yaliyoukumba na sheria zilizofuata. Tunafanya hivyo kwa sababu mji wa machimbo hukumbukwa mara nyingi kwa jiwe lake kubwa kuliko yote, ilhali waumini wetu wanao wajibu wa kukumbuka pia waliolitafuta.

Mahali na jiwe

Machimbo yapo katika vilima vya Mererani, ambavyo ni sehemu ya Milima ya Lelatema. Siku ya anga jeupe, mtu aliyesimama juu ya vilima hivyo huuona Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini mashariki. Eneo lenye jiwe ni ukanda mwembamba wenye urefu wa kilomita chache tu. Hadi leo hakuna mahali pengine duniani ambapo tanzanite imepatikana kwa kiasi cha kufanyiwa biashara.

Kitaalamu tanzanite ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti, na rangi yake ya samawati iliyochanganyika na zambarau hutokana na chembechembe za vanadiamu. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, kisha hupata rangi hiyo yanapopashwa moto wa nyuzi 500 hivi za Selsiasi. Miamba inayoyabeba imejaa madini ya kinywe, yale meusi yanayotumika kutengenezea kalamu za risasi. Ndiyo sababu mchimbaji wa Mirerani hupanda kutoka shimoni akiwa mweusi na mwenye kung'aa kuanzia utosini hadi unyayoni, kana kwamba ametoka katika machimbo ya makaa ya mawe.

Ugunduzi na jina

Jiwe hili lilitambuliwa mwaka 1967. Majina mawili hutajwa. La kwanza ni la Jumanne Mhero Ngoma, Mtanzania aliyeokota mawe hayo na kuyapeleka kwa wataalamu wa Serikali. La pili ni la Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyependa kutafuta madini, ambaye aliandikisha maeneo ya uchimbaji mwaka huohuo. Kwa miaka mingi vitabu vya biashara ya vito vilimtaja zaidi de Souza. Mwezi Aprili 2018, Rais John Pombe Magufuli alimtambua Mzee Ngoma hadharani kuwa mgunduzi, na kumpa shilingi milioni 100. Mzee huyo alifariki dunia mwaka uliofuata. Hivyo alipewa heshima ya hadhara nusu karne baada ya kuokota jiwe lake.

Jina la tanzanite lilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya Tiffany & Co. ya New York. Jina la zoisaiti halikuwapendeza wauzaji, nao wakachagua jina linalotokana na nchi yetu. Tangu mwanzo, basi, jiwe lilibeba jina la Tanzania, lakini soko lake, mashine za kulikata na bei yake vilikuwa mbali. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya mawe ghafi ilikatwa na kung'arishwa katika mji wa Jaipur nchini India, na mnunuzi mkubwa alikuwa Marekani.

Miaka ya dola

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha machimbo, kwa mwelekeo uleule wa Azimio la Arusha la mwaka 1967 uliokuwa umeweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Mwaka uliofuata liliundwa Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), na uchimbaji wa vito ukawa chini ya mashirika ya umma. Nia ilikuwa njema: mali ya nchi iwe ya wananchi wote. Hata hivyo vifaa vilipungua, uzalishaji ukashuka, na ulinzi wa eneo lenye vilima na vichaka ukawa mgumu. Wachimbaji wasio na leseni wakaanza kuingia, kwanza wachache na usiku, baadaye maelfu na mchana. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, Mirerani ilikuwa tayari mji wa mabati, mbao na maturubai, ambao hakuna ofisi iliyokuwa imeupanga.

Hapa inafaa kulinganisha. Mwadui, katika Mkoa wa Shinyanga, almasi ilipogunduliwa mwaka 1940, kampuni ilijenga nyumba, shule na hospitali ndani ya uzio wake, na mfanyakazi aliishi kwa utaratibu wa kampuni. Mirerani haikuzaliwa hivyo. Watu walitangulia, mashimo yakafuata, huduma zikaja mwisho. Maji, zahanati, shule na makanisa viliingia taratibu katika mji uliokuwa umekwisha kujaa.

Kwa nini vijana wa mlimani waliteremka

Wengi husema vijana walivutwa na tamaa. Jibu hilo ni fupi mno. Tunapaswa kutazama hali ya vihamba vyetu katika miaka hiyo.

Kwa desturi ya Wachagga, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa sehemu yake ya ardhi, na mtoto wa mwisho hubaki katika kihamba cha baba yake. Wale wa katikati hutazamiwa kujitafutia mahali pengine. Zamani zilizopita palikuwa na pori la kufyeka au shamba la tambarare. Idadi ya watu ilipoongezeka, kihamba kilichokuwa kikilisha nyumba moja kiligawanywa mara mbili, tatu, hata kikawa migomba michache mbele ya mlango. Kahawa, ambayo tangu kuanzishwa kwa Chama cha Ushirika cha KNCU mwaka 1933 ilikuwa imesomesha watoto na kujenga nyumba za tofali, iliyumba pia. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa mwaka 1984 vikiwa dhaifu. Kisha mwezi Julai 1989 utaratibu wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulisimamishwa, na bei ikaanguka duniani kote.

Kijana wa katikati, asiye na kihamba wala nafasi ya sekondari, alisikia kwamba umbali wa safari ya saa chache lipo jiwe linaloweza kumjengea mama yake nyumba kwa siku moja. Alikwenda. Alikutana huko na Wapare, Waarusha, Wameru, Wamaasai wenyeji wa eneo hilo, na vijana wa mikoa mingine mingi. Kwa ujumla wao waliitwa wanaapolo, na jina hilo linatumika hadi leo.

Vitalu na kampuni

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali iliamua kuweka utaratibu. Eneo la machimbo liligawanywa katika vitalu vinne: A, B, C na D. Vitalu B na D vikawa hasa vya wachimbaji wadogo wenye leseni. Kitalu C, kikubwa kuliko vingine, kilitolewa kwa kampuni iliyokuja kuchimba kinywe katikati ya muongo huo. Kazi hiyo haikudumu. Baadaye kitalu hicho kilichukuliwa na kampuni ya Afgem ya Afrika Kusini, ambayo mwaka 2004 nafasi yake ilishikwa na TanzaniteOne.

Kampuni ilileta mambo mawili kwa pamoja. Ilileta uchimbaji wa kitaalamu: winchi, hewa ya kutosha, kofia ngumu, mshahara wa mwezi. Ilisaidia pia huduma katika kijiji jirani cha Naisinyai. Lakini ilileta uzio na mlinzi mwenye silaha katika ardhi ambayo wachimbaji wadogo na wafugaji walikuwa wameizoea kuwa wazi. Migogoro ilizuka, na ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa chini ya ardhi. Mshipa wa jiwe haufuati mpaka uliochorwa kwenye ramani. Wachimbaji wa shimo moja huufuata hadi wanapotokea ndani ya shimo la jirani. Tukio hilo huitwa mtobozano. Mitobozano imezaa mashitaka, mapigano na vifo, na imehusisha wachimbaji wadogo wao kwa wao sawa na wachimbaji wadogo na kampuni.

Mwaka 2013 STAMICO ilipewa nusu ya umiliki wa Kitalu C. Kampuni mama ikauza sehemu yake, uzalishaji ukadorora, na hatimaye kitalu kikarudi mikononi mwa Serikali kabla ya kukabidhiwa kwa mwekezaji wa Kitanzania. Kwa wafanyakazi wake huo ulikuwa mwisho wa miaka ambayo mtu aliweza kusema kwamba anafanya kazi katika kampuni na kujua tarehe ya mshahara wake.

Jinsi shimo linavyoendeshwa

Msomaji ambaye hajafika machimboni anahitaji kuelewa jinsi shimo la mchimbaji mdogo linavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo hatima ya familia nyingi inapoamuliwa.

Yupo mwenye leseni. Mara nyingi yupo pia mfadhili, anayegharamia baruti, mafuta ya kompresa, kamba, mbao na chakula. Yupo msimamizi wa shimo. Chini yao wapo wachimbaji. Hao, katika mashimo mengi, hawana mshahara. Hupewa chakula na mahitaji madogo, na ahadi ya mgawo jiwe likipatikana. Jiwe linaweza kupatikana baada ya wiki mbili au baada ya miaka mitano. Linaweza pia lisipatikane kamwe. Jiwe likitoka, huonwa kwanza na walio karibu nalo, hupitia kwa madalali, na bei yake halisi mara nyingi hujulikana na watu wachache. Mgawo wa mchimbaji hutegemea uaminifu wa walio juu yake, na makubaliano mengi yamekuwa ya mdomo.

Mashimo yenyewe huteremka mamia ya mita, kwa ngazi na kamba, katika njia nyembamba zenye joto. Baruti ikilipuliwa, moshi hubaki ndani hadi kompresa iusukume nje. Vumbi la miamba huingia katika mapafu na kusababisha ugonjwa wa silikosisi, ambao hudhoofisha mapafu na kufungua mlango kwa kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto iliyopo Siha, katika miteremko ya magharibi ya mlima wetu, ambayo tangu mwaka 1926 imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu, imepokea na kuwafuatilia wachimbaji wa Mirerani kwa sababu hiyo. Wapo wanaorudi kihambani wakiwa na umri wa miaka 40, bila jiwe, wakiwa na kikohozi kisichopona.

Jambo lililo chungu zaidi ni la watoto. Wavulana wadogo waliitwa nyoka, kwa kuwa waliweza kujipenyeza katika nyufa ambazo mtu mzima hawezi kupita, wakapeleka ujumbe na vifaa, au wakaenda kuangalia kama baruti imelipuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliitaja Mirerani katika taarifa zake juu ya kazi za watoto migodini. Tanzania iliridhia mwaka 2001 Mkataba Na. 182 unaokataza aina mbaya kabisa za kazi za watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi mgodini. Hali imebadilika sana tangu wakati huo. Hata hivyo, kila shule inapofungwa na karo kukosekana, njia ya kwenda Mirerani bado inajulikana.

Maafa matatu

Historia ya mji huu ina tarehe tatu ambazo hazipaswi kufutika.

Mwezi Aprili 1998, katika mvua za El Niño, maji ya mafuriko yaliingia katika mashimo yaliyokuwa na wachimbaji ndani. Mashimo mengi yalikuwa yameunganika chini kwa mitobozano, hivyo maji yaliyoingia katika moja yalitokea katika mengine. Makumi kwa makumi walikufa, na miili ya wengi haikupatikana kamwe.

Mwezi Juni 2002, makumi ya wachimbaji walikufa kwa kukosa hewa safi ndani ya shimo. Hakukuwa na mvua wala maporomoko. Hewa iliyopaswa kusukumwa chini haikufika.

Mwishoni mwa mwezi Machi 2008 mafuriko yalirudia, katika msimu uleule wa masika na kwa namna ileile. Kwa mara nyingine makumi walipoteza maisha, na kazi ya kuvuta maji na kuopoa miili ilichukua siku nyingi.

Tukiyatazama maafa haya kwa pamoja, tunaona kwamba hayakuwa mambo yasiyoweza kutabiriwa. Masika huja kila mwaka. Kompresa inajulikana kuwa huharibika. Orodha ya majina ya walioshuka ni karatasi moja na kalamu, lakini mashimo mengi hayakuwa nayo. Ndiyo sababu hesabu ya waliokufa imetofautiana daima. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa alipokuwa akishuka, hakuna wa kumdai anapokosa kupanda. Zipo familia miongoni mwetu ambazo hazikupata mwili wa kuzika kihambani, na kwa hiyo hazikupata hata tarehe ya uhakika ya kuombea misa ya kumbukumbu.

Uvumi wa mbali na njaa ya karibu

Mwezi Novemba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani, gazeti la The Wall Street Journal liliandika kwamba biashara ya tanzanite ilihusishwa na mtandao wa Al-Qaeda. Baadhi ya maduka makubwa, yakiwemo ya Tiffany, yalisimamisha mauzo. Mwezi Februari 2002 wafanyabiashara na wawakilishi wa Serikali walikutana Tucson, Arizona, wakakubaliana juu ya utaratibu wa kufuatilia mawe kutoka mgodini hadi sokoni, na Serikali ya Marekani ilieleza kwamba haikuona ushahidi wa uhusiano huo. Soko lilirudi. Katika kipindi hicho, hata hivyo, mchimbaji ambaye hakuwahi kusikia jina la gazeti hilo aliona bei ya jiwe lake ikianguka. Mji unaotegemea kitu kimoja, kinachouzwa mahali pamoja, hutikiswa na neno lolote linalosemwa huko.

Ukuta, soko na mawe makubwa

Tarehe 20 Septemba 2017, alipozindua barabara ya kutoka KIA, Rais Magufuli aliagiza ujenzi wa ukuta kuzunguka machimbo ili kuzuia utoroshaji wa mawe. Ukuta wenye urefu wa kilomita 24 na zaidi ulijengwa na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa na wanajeshi kwa muda wa miezi michache, na ukazinduliwa tarehe 6 Aprili 2018. Mwaka 2019 Serikali iliondoa baadhi ya kodi zilizowaelemea wachimbaji wadogo na kuanzisha masoko ya madini, na mwaka 2021 ikaelekeza kwamba biashara ya tanzanite ghafi ifanyike Mirerani penyewe.

Mwezi Juni 2020 mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, mfugaji wa Kimaasai, aliiuzia Serikali mawe mawili yaliyo makubwa kuliko yote yaliyokuwa yamepatikana, kwa shilingi bilioni 7.74. Jiwe la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 9 na zaidi. Alisema kwamba angependa kuijengea jamii yake shule. Habari hizo zilienea ulimwenguni, na ni haki kuzifurahia: jiwe halikutoroshwa, kodi ililipwa, na mwenye nacho aliwakumbuka jirani zake.

Kwa upande mwingine, ukuta umegeuza maisha ya wengi. Wachimbaji na wafanyabiashara hupita lango moja na hupekuliwa wanapotoka. Wanawake waliokuwa wakiuza chakula na wale waliokuwa wakichekecha mchanga wa vifusi ili kutafuta vipande vidogo walilazimika kutafuta vibali au kazi nyingine. Ukuta unaweza kulinda jiwe. Bado tunapaswa kuuliza ni kwa kiasi gani unamlinda mtu aliye ndani yake, mita mia tatu chini ya ardhi.

Jiwe linapokwisha

Madini hayaoti upya. Kila mji wa machimbo utafika siku ambayo shimo halitoi tena. Tunao mfano katika nchi jirani ya Uganda. Kilembe, chini ya Milima ya Rwenzori, ulikuwa mji wa kampuni ya shaba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, na kampuni ikajenga nyumba, hospitali na shule kando ya mto Nyamwamba. Uchimbaji ulikoma mwaka 1982. Reli ikanyamaza. Nyumba na watu wakabaki, pamoja na malundo ya masalia ya madini kando ya mto, na mafuriko ya mwaka 2013 na mwaka 2020 yakaharibu hata hospitali. Kampuni iliweza kuacha kuchimba. Watu hawakuweza kuondoka hivyo.

Mirerani bado inachimba. Lakini ndiyo sababu swali linapaswa kuulizwa sasa na si siku hiyo: nini kimejengwa kwa fedha za jiwe ambacho hakitegemei jiwe? Shule, maji safi, mashamba, ufundi wa kukata na kung'arisha vito, nyumba zilizorudi kujengwa vijijini: hivyo ndivyo vipimo.

Mwanga wa Maandiko na mafundisho

Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinaeleza kazi ya mchimbaji kwa usahihi wa kushangaza: mtu anayechimba shimo mbali na makao ya watu, anayening'inia mahali ambapo mguu hausahauliki tu bali haufiki, anayeleta nuruni kilichofichika, hata mawe ya samawati. Mwandishi anamheshimu mtu huyo. Kisha anauliza hekima hupatikana wapi, na kujibu kwamba haichimbwi wala hainunuliwi kwa vito.

Papa Leo XIII alipotoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, misioni ya Kilema ilikuwa ndiyo kwanza inaota mizizi katika mlima wetu. Waraka huo ulifundisha kwamba mkataba kati ya mwenye mali na mfanyakazi hauwi wa haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali, maana mwenye njaa hukubali lolote. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, alifundisha kwamba kazi ina hadhi kwa sababu anayeifanya ni mtu, na kwamba mtu hutangulia mtaji. Mafundisho haya hayakuandikwa kwa ajili ya viwanda vya Ulaya peke yake. Yanamhusu mwenye leseni anayeabudu pamoja nasi Jumapili, na yanamhusu mwanaapolo aliyekaa benchi la nyuma.

Kutokana nayo tunapendekeza mambo machache kwa familia na jumuiya ndogo ndogo. Kijana anayekwenda machimboni aache nyumbani jina la mgodi, la kitalu na la msimamizi wake. Adai makubaliano ya mgawo kwa maandishi na mbele ya mashahidi, na ajiulize kama jina lake limeandikwa anaposhuka. Ajiwekee akiba katika Mfuko wa NSSF, ambao hupokea pia waliojiajiri. Mwenye mgodi awaandikishe watu wake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwaka 2015, na asimamishe kazi masika yanapozidi. Anayekohoa kwa muda mrefu asijitibu kwa dawa za dukani, bali afike hospitali apimwe. Mtoto aliye chini ya miaka 18 arudishwe shuleni, na jumuiya imchangie.

Tena, mwezi Novemba tunapowaombea marehemu wote, parokia zetu ziwaandike kwa majina wale waliobaki shimoni mwaka 1998, 2002 na 2008. Orodha ambayo haikuwekwa kwenye mlango wa mgodi inaweza bado kuwekwa mbele ya altare, familia moja baada ya nyingine ikileta jina lake, wangali hai wazazi wanaoyakumbuka.